Bunduki Inayojipakia

Bunduki mpya ilikuwa nyepesi kama mwiko, na hilo lilimuudhi Bi Hadia. Tangu waoane, Mzee Nassibu alikuwa akiwapiga nguruwe wa shambani kwa gobori, na mkewe ndiye aliyelishindilia. Alimimina baruti mtutuni, akaisukuma kwa mdeki, huku akimsuta mume kwa kukosa shabaha. Masikini, hapo kwenye kushindilia ndipo walipozungumza yao yote.

Hii mpya ilijipakia yenyewe.

"Mama Tatu, njoo uone maajabu!" mzee aliita kutoka ukingoni mwa shamba. Alikuwa ameweka kopo juu ya kichuguu.

"Nije kufanya nini? Si umeshaniletea mke mwenza wa chuma?"

Hata hivyo alikwenda, akasimama nyuma ya mumewe kama zamani. Mzee akafyatua. Mlio ulikuwa mkavu, hakuna moshi, wala ile harufu ya baruti iliyokuwa ikiganda kwenye kanga zake hata baada ya kufuliwa. Kopo halikutikisika. Na mzee, bila kugeuka, akainua mtutu juu, akampitishia mkewe bunduki nyuma ashindilie.

Bi Hadia akaipokea. Wakatazamana, wakacheka mpaka machozi.

"Haya, irudishe," mzee alisema. "Bado ina risasi."

"Najua. Hebu nipishe, Baba Tatu. Miaka yote hiyo nakupakia wewe tu."

Akaweka kitako begani, akafumba jicho moja. Mzee akasogea nyuma yake, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.