Bi Mbuzi Achagua Mlinzi

Zama zile mbuzi walipojichagulia walinzi, Fisi alimla mtoto wa Bi Mbuzi, akamwachia mmoja tu. Wakaja mbwa wawili, Pua Bapa na Koko, kuomba kazi.

Pua Bapa akajitapa, "Sisi ni wa damu moja tangu babu wa saba. Hatujachanganya kamwe!"

Bi Mbuzi akauliza, "Na hao babu zako walikufa kwa maradhi gani?"

"Pumzi, Bibi. Wote pumzi. Hata mimi... ngoja kwanza nipumue."

Bi Mbuzi akamgeukia Koko. "Na wewe?"

"Babu simjui, Bibi. Ila nyanya yangu yu hai, na jana kamkimbiza Fisi mpaka mtoni."

"Basi kazi ni yako."

Pua Bapa akafoka, "Huyu hana ukoo! Mimi ninao!"

"Unao, baba," akajibu Bi Mbuzi, "na ndio huo unaokukaba."