Jina Lililopigwa Kufuli

Tima aliporudi kutoka shuleni, mlango wa kwao ulikataa kumfungulia. Ulidai haumjui.

Mama yake, Kibibi, aliyekuwa ndani, hakushtuka. Majina ya watu wote mtaani yalikaa kwenye seva moja. Mtu akianza kulibadilisha jina, seva hulipiga kufuli, na mpaka amalize, milango na zahanati hazimtambui mwenye jina. Kibibi ndiye aliyekuwa fundi wa makufuli yaliyokwama, na hakuna lililowahi kumshinda. Akampigia simu mama mkwe wake, ambaye tangu zamani alitaka mjukuu aitwe kwa jina lake yeye.

"Mama, liachie jina la mtoto."

"Mwanangu, sijaligusa."

Kibibi akatazama nani amelishikilia. Alikuwa Tima mwenyewe, kwa simu yake, tangu asubuhi.

"Michezo ya watoto," alisema, akalivunja kufuli kama alivyozoea. Yote ambayo hayajahifadhiwa yakafutika. Mlango ukafunguka, ukamkaribisha Tima kwa jina lake lilelile.

Tima hakuvuka kizingiti.

"Mama," aliuliza taratibu, "ulisoma kwanza nilichoandika?"