Harufu ya Tanuri

Athanasie alikuwa akianika mashuka uani kwake, mtaa wa Rwezamenyo, alipoisikia ile harufu ikipanda kutoka bondeni: chuma kinachoyeyuka, makaa na mafuta machafu. Tangu vita vya Aprili, tanuri la kiwanda cha chuma kilichokuwa huko lilikuwa limezimwa.

Zamani aliichukia mno. Ilimkohoza mwanawe, na moshi wake ukajaza masizi kwenye nguo alizoanika. Mumewe, aliyekuwa akimimina chuma huko, hakuruhusiwa kuingia ndani kabla ya kuoga. Na hata akishaoga, shingo yake ilinuka vilevile.

Aprili iliwachukua wote wawili.

“Mama, anua nguo!” jirani alipaza sauti. “Wameanza tena kutufukiza!”

Athanasie aliziacha kambani, akateremka mbio, kitenge kikimfunguka. Langoni, mlinzi mgeni aliyetoka Bujumbura alimzuia.

“Unatafuta nani, mama? Wafanyakazi wa zamani hajarudi hata mmoja.”

“Najua,” alisema. “Niache tu nisimame hapa kidogo.”

Mlinzi alimtazama, kisha akamsogezea kigoda chake. Athanasie akaketi, akavuta pumzi mpaka kifua kikamwasha. Akakohoa, akapangusa macho, akavuta tena.