Bangili ya Anzelima

Kwa sheria, mwenye kisukari alitoka nyumbani pale tu bangili yake ya kupima sukari mwilini iliposoma chini ya kumi. Ikizidi akiwa njiani, mgambo walimrudisha. Siku ya kumzika mama yake, bangili ya Anzelima ilisoma kumi na nne, na mlango ukakataa kufunguka.

"Twanga, wifi, sukari ishuke! Jeneza linatoka," Feliciana alimhimiza kutoka dirishani.

Anzelima alikuwa amejidunga dawa mara mbili, na hajala kitu. Akatwanga mahindi mpaka akalowa jasho. Mlango ulipofunguka, magoti yalimlegea. Feliciana akamletea chai ya sukari.

"Kunywa, utaanguka."

"Ikipanda watanirudisha. Acha kwanza nimtupie mama udongo."

Akajikongoja akishikilia uzio. Bangili ikasoma mbili, kiwango cha mtu kuzimia, ikawaka taa ya kijani, ya ruhusa.