Mashine ya Monsieur Clovis

Swali la kwanza halikuhusu kompyuta hata kidogo.

"Unaweza kukaa masaa munane pa kiti bila kusema na muntu?"

Hilaire alimtazama Monsieur Clovis, mwenye ofisi, kuona kama anatania. Wapi! Bwana yule alikuwa ameshika kalamu, anangoja jibu aliandike.

"Naweza, patron."

"Macho yako iko muzuri?"

"Muzuri kabisa."

Angeulizwa kama anaweza kuruka angani, angekubali vilevile. Alikuwa ametembea kwa miguu toka Kamatanda tangu alfajiri, tumboni hana kitu ila chai ya jana. Nyumbani, mkewe Berthe alikuwa ameshafunga nguo ndani ya kitenge. Leo ukikosa kazi, alimwambia, kesho namchukua mwanetu Daniella tunarudi kwa mama, kijijini Kapolowe, kule angalau kuna mihogo. Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililomuumiza Hilaire, maana angegombana naye angepata la kujibu.

Miaka kumi na miwili aliandika programu za kompyuta kwenye kampuni kubwa ya shaba, bwana wa tai na viatu vya kung'aa. Kisha migodi ikalala, uporaji ukapita mjini, na tangu hapo anaponda mawe ya madini Kamatanda kama kila mtu. Likasi nzima, ofisi moja tu ilikuwa bado inatafuta mwandishi wa programu. Ni hii, inayowapigia wazungu wa ng'ambo hesabu za mabehewa ya madini. Nafasi yenyewe ilikuwa ya Mukendi, rafiki yake wa zamani, aliyezikwa wiki iliyopita. Mukendi alikuwa fundi kuliko wote. Mwaka mzima alifanya kazi hapa, na hata siku moja hakusimulia ofisi ikoje. Alizidi kukonda tu.

"Mashini yenu ni ya namna gani, patron?" Hilaire aliuliza, ili aonekane anajua kazi.

"Ya nguvu. Bazungu beko na furaha. Tangu myaka mbili hayiyasimama hata siku moya. Hata courant ikikatika, inatumika tu."

Taa ya darini ilikuwa imezimika tangu asubuhi, umeme umekatika mji wote. Lakini nyuma ya mlango wa chuma mlio mdogo ulisikika, tik, tik, tik, usiokoma, kama mvua inapoanza juu ya bati. Mama yangu! Mashine inafanya kazi, Likasi hii hii! Machozi yalimlengalenga Hilaire, akajifanya anafuta jasho.

Clovis alimwekea karatasi. "Andika programu ya kupanga mabehewa. Yenye uzito mingi itangulie. Kisha uitembeze na mukono."

Hapo Hilaire alipumua. Hiyo aliijua. Enzi za kampuni, saa za mashine zilikuwa chache, na kila fundi alilazimika kuitembeza programu yake mezani kwanza, mstari kwa mstari, akisogeza punje za mahindi badala ya namba. Akaandika. Clovis akammwagia punje kutoka kwenye kopo. Tumbo la Hilaire likanguruma kwa sauti, hata aibu ikamshika, lakini vidole vilikimbia kama vya mama anayechambua maharage.

Ajabu ni kwamba Clovis hakuisoma ile programu. Alikuwa anaangalia saa yake.

"Mbio zaidi. Anza tena."

Akaanza tena. Mara ya tatu kijasho kilikuwa kinamdondoka puani.

"Sasa niandikie namba, moya mpaka kenda. Sawa vile mashini inaandika."

Hilaire aliandika. Clovis akaziweka kando ya karatasi ya zamani iliyopigwa na mashine, akazitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akakusanya punje moja moja na kuzirudisha kwenye kopo.

"Zilikuwa makumi mbili. Hii ni kumi na tisa."

Hilaire akameza mate. "Labda imeanguka, patron."

Clovis hakutazama chini ya meza. Alimtazama midomo. Wewe Hilaire, alijilaumu moyoni, tamaa ya punje moja ya mahindi, na mtoto wako anaondoka kesho! Alitamani ardhi immeze.

"Utaambia bibi yako mambo ya hapa?"

"Hapana, patron. Hata yeye."

Clovis aliandika neno moja, akafunika kalamu. "Basi. Unaanza leo."

Berthe, fungua mzigo! Hilaire alishukuru kwa mikono miwili, akashukuru tena, na alikuwa bado anashukuru wakati Clovis anausukuma mlango wa chuma.

Hakukuwa na mashine. Watu kama ishirini, mafundi wa kampuni aliowajua kwa majina, waliketi safu kwa safu vichwa chini, wakisogeza punje za mahindi, tik, tik, tik, na kupitishiana vikaratasi, hadi meza ya mwisho ambako mmoja wao, Henriette, alikuwa ananakili namba kwa wino, moja moja, zifanane na za mashine. Kiti kimoja kilikuwa wazi, koti la Mukendi bado limening'inia mgongoni pake.

"Zako ni makumi mbili," fundi wa kiti cha jirani alimnong'oneza Hilaire bila kuinua uso, akimsukumia punje. "Usizikule. Mangaribi banazihesabu."