Mgonjwa wa Kipese

Éphraïm alinunua suti nyeusi kabla ya kununua tiketi ya ndege. Muuzaji wa Guangzhou alimuuliza kwa ishara kama ni ya harusi, naye akakubali kwa kichwa, maana kueleza kulikuwa kazi nyingine. Akaongeza gauni jeusi la mke wake Kavira na nguo nyeusi ndogo za watoto wao wawili.

Hakuna aliyekuwa amemwambia kuna kifo. Mdogo wake Kasonia alimpigia simu tu asubuhi ile toka Beni, sauti imekauka.

"Yaya," akamwita kaka yake mkubwa, "baba iko mugonjwa. Tulimutosha kule mulimani Kipese, tukamuleta huku Beni. Acha byote, ukuye."

"Mugonjwa sana?"

"Mugonjwa tu. Kuya."

"Nipatishe Kavira."

"Kavira iko ku hospitali."

"Na batoto?"

"Nabo biko kule."

Hapo akajua. Nani anakesha hospitali na watoto wadogo eti babu yao ana homa? Kwetu msafiri hapashwi habari ya kifo kwa simu. Anaambiwa fulani ni mgonjwa, kuya, njoo upesi, na kifo chenyewe anakikuta akishafika, katikati ya watu wa kumshika asianguke. Éphraïm mwenyewe alishaifanya kazi hiyo. Rafiki yake Josaphat alipokuwa Dubai, alimwambia mama yake ana malaria, na huku mama yuko ndani ya sanduku tayari. Alidanganya vizuri mpaka Josaphat akauliza alete dawa gani. Basi uongo wa namna hii hakuna wa kumfundisha.

Toka Guangzhou mpaka Addis Abeba ndege inaruka karibu nusu siku nzima. Iliondoka adhuhuri, ikalifuata jua, na jua likakataa kuzama. Njia hii Éphraïm aliizoea, safari nyingine aliilala yote. Leo alikaa macho, akaangalia kandege kadogo kwenye kioo cha mbele yake kakitambaa juu ya India, kisha juu ya bahari tupu, na machozi yakimtoka bila haya.

Kilichomuuma zaidi ni namna walivyoachana. Baba yake, mzee Nzanzu Ananie, mkulima wa viazi, hakuipenda hata kidogo nyumba mpya ambayo Éphraïm aliijenga Mavivi, karibu na uwanja wa ndege wa Beni.

"Pale waasi banapita usiku, hapana pa kulaza batoto," mzee alimwambia. "Balete Kipese."

Éphraïm akajibu kwamba mfanyabiashara hawezi kwenda kuzeekea mlimani na viazi. Akaondoka bila kumuaga, kichwa kigumu kama siku zote. Sasa alitaka kitu kimoja tu: afike kabla ya mazishi, aushike ule mkono wa mzee, hata kama ni baridi, aombe msamaha.

Kando yake aliketi mama Agar, muuza viatu wa Kimemi, kule Butembo, mwenzake wa safari hizi na mama wa mdomo kweli. Alimsimulia yote.

"Papa Keren, pengine mzee ni mugonjwa kweli," mama Agar akasema, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Hapana kuzika mutu na mawazo."

"Weye pia ungenidanganya, mama."

"Ningekudanganya. Lakini muzuri kuliko Kasonia."

Éphraïm akatabasamu kidogo, kisha akarudi kulia.

Addis, mama Agar alifungua telefone yake, akashika internet ya uwanja. Ya Éphraïm ilikuwa imezima toka angani. Akamwona mama anasoma, kidole kikasimama. Telefone akaigeuza kifudifudi kwenye paja.

"Niazime, nimupigie Kavira."

"Moto ya betri imekwisha," akasema, na mwanga bado unachungulia pembeni mwa telefone.

Akambebea begi. Akamnunulia chai, akatia sukari yeye mwenyewe, akaikoroga. Toka hapo mpaka Entebbe yule mama wa mdomo alifumba macho, akajifanya amelala. Éphraïm alimshukuru moyoni. Sasa hakuwa na shaka tena: habari zimefika, baba amekwenda.

Entebbe walikesha uwanjani, asubuhi akavaa suti chooni, wakapanda ndege ndogo ya Beni. Waliposhuka juu ya Mavivi alitafuta bati la nyumba yake dirishani, lakini ndege ikakata upande mwingine.

Uwanjani watu walijaa. Mapasta, walimu, wanawake wamefunga vitenge kiunoni, hakuna anayepunga mkono. Kwa mzee wa shamba, watu hao walikuwa wengi mno, na Éphraïm alisikia fahari kidogo ndani ya uchungu wake. Kumbe baba aliheshimiwa hivi.

Kasonia alisimama mbele, macho chini. Kisha akasogea pembeni, na watu wakasogea naye. Nyuma yao akatokea mzee mwenye koti la baridi na boti za shamba zenye udongo wa Kipese, akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Éphraïm alimrukia baba yake, akamshika mabega, uso, masikio, akacheka kwa sauti, peke yake uwanja mzima.

"Baba, uko muzima. Nisamehe, baba. Nilikulilia njia yote, na weye uko muzima."

Akageuka amwonyeshe mama Agar. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

Akaacha kucheka. Akawapitia wale wanawake kwa macho, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

"Kavira iko wapi?" akauliza. "Baba, batoto biko wapi?"

Mzee alimshika mikono yote miwili, akaibana kwa nguvu.

"Nilibaambia baseme mugonjwa ni mie."