Mlio Hafifu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mke wa Leland alifyatua bastola, ikatoa mlio hafifu kama wa kizibo kinachochomolewa kwenye chupa. Kopo la maharage juu ya gogo halikutikisika.

"Risasi zako hizi ni za kutishia nzi, mzee," alisema bila kugeuka.

Leland alizijaza jana jikoni: risasi laini zisizo na gamba la shaba, na baruti kidogo tu ili zisimrushe mkono. Sasa hakukumbuka kama alikagua baruti katika kila ganda.

Ganda likikosa baruti, fataki ya kitakoni mwake huisukuma risasi hadi ndani ya mtutu tu na kuiacha hapo. Inayofuata huipasua bastola mkononi.

"Acha. Usifyatue."

Mkewe hakusikia, masikio yake yalikuwa yamezibwa kuzuia mlio. Tayari alikuwa ameivuta nyuma nyundo ya bastola.

Leland aliruka, akaishika bastola kwa juu na kuchomeka kidole gumba mbele ya nyundo. Nyundo ilishuka, ikazama kwenye nyama ya kidole.

"Wewe, una wazimu?"

Leland alichomoa kidole. Alizitoa risasi zote, kisha akaingiza penseli mdomoni mwa mtutu. Iligota kabla ya kufika nusu ya mtutu.